Waya wa Mita Mia Tatu

Mashine ya oksijeni ilipiga kelele saa kumi na mbili na nusu asubuhi ya Idd, mvua ikiwa bado inanyesha. Valerian alipofika chumbani kwa mama yake alimkuta dada yake Benadetha ameshauchomoa mrija kwenye mashine na kuuchomeka kwenye mtungi wa akiba.

"Taa nyekundu," alisema Benadetha. "Imewaka, ikalia, ikazimika. Na mtungi umebaki robo."

"Robo ni dakika ngapi?"

"Sista wa zahanati alisema arobaini. Akasema pia tusifike huko."

Mama Skolastika alikuwa ameketi kitandani na mito mitatu mgongoni, kwa kuwa kulala chali kulimshinda tangu mwezi wa pili. Mapafu yake yalikuwa yamechoka kiasi kwamba akikaa dakika chache bila hewa ya mashine, midomo ilibadilika ikawa kama ya mtu aliyetoka kula zambarau. Kidoleni alibanwa kale kadude kanakosoma hewa iliyomo kwenye damu. Kaliandika themanini na sita. Masista wa zahanati waliomwazima mashine walisema tisini ni heri, themanini na tano ni hatari, chini ya themanini msipige simu, mleteni tu. Lakini walisema hivyo kabla mto haujachukua daraja. Siku ya tatu sasa, barabara ya kwenda zahanati, Kipatimu, ilikuwa imekatika, na waendesha pikipiki, watu ambao hawakuwahi kuogopa kitu, walifika ukingoni wakageuza.

Valerian akatoa mita yake ya kupimia umeme mfukoni, akachomeka ncha zake mbili kwenye soketi. Mia moja sitini na sita.

Akazifuta ncha kwa fulana, akapima tena. Mia moja sitini na tano. Sitini na sita.

"Wamepunguza umeme huko wanakougawa," alisema kwa hasira. "Inatakiwa mia mbili na thelathini. Mashine hii ikiona chini ya mia mbili inagoma. Wanatuua hawa watu!"

"Mpigie Mzee Mudathiri. Muulize kwake ukoje."

Simu iliita mara moja tu. "Kwangu?" alijibu Mudathiri, na nyuma yake kasida zilisikika kwa sauti ya juu. "Kwangu televisheni inawaka kama jua. Kwani kuna nini, Injinia?"

Valerian alikata simu, akamtazama mama yake. Mama naye alikuwa anamtazama yeye, kwa macho ya mtu ambaye hana pumzi ya kupoteza kwa kuuliza maswali. Valerian akatoka mbio.

Kutoka pale hadi kwa Mudathiri ni mteremko wa mita mia tatu. Valerian alizijua kwa sababu alizipima kwa hatua zake mwenyewe miaka mitatu iliyopita. Umeme ulipofika kitongojini uliishia kwa Mudathiri mwenye duka, chini kabisa, karibu na barabara. Nguzo za kupanda kilimani hazikuja. Watu wakasubiri mwaka, wakasubiri wa pili. Valerian hakusubiri. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, hakuwahi kukaa darasa la ufundi hata siku moja, na elimu yake yote ilikuwa kitabu kimoja kilichong'oka jalada alichokinunua Kilwa Masoko, pamoja na video alizotazama kwenye simu mpaka betri ikavimba. Alikata miti, akaisimamisha, akavuta waya kutoka kwenye mita ya umeme iliyo ukutani kwa Mudathiri. Akawaunganishia Hasani fundi cherehani, Bibi Biasha, wana wawili wa Bibi Biasha katika nyumba zao, na mwisho kabisa, juu kileleni, mama yake. Jioni taa zilipowaka kilima kizima kilipiga kelele. Tangu hapo akaitwa Injinia, na jina hilo alitembea nalo kifua mbele.

Hesabu yake ilikuwa safi, na aliwaeleza wote siku ile. Wati ni volti mara ampea. Lakini aliona nyuso zinamkodolea macho, akaamua kuwapimia kwa kitu wanachokijua. Kila nyumba taa tano. Redio ni taa moja, televisheni ni taa mbili. Taa tano za wati sitini ni wati mia tatu. Nyumba tano juu ya waya, wati elfu moja na mia tano. Gawanya kwa mia mbili na thelathini, unapata ampea sita na nusu. Waya ule uliandikwa ampea kumi na tano. "Hatujafika hata nusu," alitamba. "Nusu nyingine ni ya wajukuu zenu!" Nao walipiga makofi.

Alifika kwa Mudathiri matope yamempanda hadi magotini, akachomeka mita ukutani bila hata salamu. Mia mbili ishirini na nane.

"Shikamoo, mzee," ndipo aliposema, akihema.

"Marahaba. Sasa mbona umenikalia ukutani kama mjusi?"

"Hapa ni mia mbili ishirini na nane. Kwetu ni mia moja sitini na sita. Volti sitini na mbili hazionekani."

"Labda zimedondoka njiani," alisema Mudathiri, mtu mpole, mfupi, ambaye kanzu yake mpya ilimfika vidoleni. Alikuwa anatania. Lakini Valerian alilishika lile neno, njiani.

Alitoka nje, akanyoosha mkono hadi kwenye kiungo cha waya chini ya upenu, mahali alipokifunga kwa utepe mweusi miaka mitatu nyuma. Kilikuwa cha moto. Mvua ya masika inanyesha, vyura wanalia mtaroni, na kiungo chake ni cha moto kama kikombe cha chai.

Alikimbia hadi nyumba ya kwanza. Hasani alikuwa barazani amevaa msuli, anapiga pasi kanzu, na mvuke unampanda usoni.

"Injinia! Idd Mubarak! Karibu, tende hizo hapo."

"Hasani, pasi umeiwasha tangu saa ngapi?"

"Tangu swala ya alfajiri. Siku nne hizi nguo zimegoma kukauka, halafu mwezi wenyewe umetangazwa usiku, sisi tunajua leo tunafunga. Unafikiri tutakwenda kuswali na nini? Kilima chote kinakausha nguo kwa pasi. Tena na pasi yenyewe leo ni mvivu. Naisukuma, naisukuma, haipati moto."

"Kila nyumba? Pasi?"

"Hii ya kwangu, ya Bibi Biasha, na za wanawe wawili. Kwani kuna nini?"

"Tulikubaliana taa tano, Hasani! Taa tano!"

Hasani akacheka. "Mimi nina taa tatu tu. Niko ndani ya sheria. Pasi haina taa." Akaigeuza pasi, akaonyesha kwa kidole. "Au unahesabu haka kekundu hapa? Haya, kaandike nusu."

Valerian alifungua mdomo ampayukie, kisha akajiuliza. Ni nani aliyewafundisha watu hawa kwamba umeme unapimwa kwa taa? Nani aliyesimama juu ya kreti la soda akawaambia wahesabu kinachomulika? Pasi haimuliki. Kwa sheria aliyoitunga yeye mwenyewe, pasi ilikuwa bure.

Alichomoa kalamu, akaandika kwenye mkono wake mwenyewe kwa kuwa karatasi ingelowa. Pasi moja, wati elfu moja. Gawanya kwa mia mbili na thelathini: ampea nne na zaidi kidogo. Mara pasi nne: kumi na saba. Swichi kubwa ya Mudathiri isingekata kwa ampea kumi na saba, ndiyo maana hakuna kilichowaonya. Na waya? Waya ulikuwa unazibeba, ila ulikuwa unajilipa njiani. Kilikuwepo kipande kwenye kile kitabu, kurasa mbili zenye jedwali na zisizo na hata picha moja, kinachosema waya nao unakula umeme. Kwamba ukiwa mwembamba na mrefu unakula zaidi. Na kwamba umeme huenda na kurudi, kwa hiyo mita mia tatu ni mita mia sita. Alikiruka. Alikiona ni cha watu wa viwandani. Alijua wati za kila kitu kilichochomekwa kwenye kilima kile. Za waya wenyewe hakuwahi kuziuliza.

Waya ule ulikuwa pasi ya tano, imetandazwa juu ya miti hewani, inapasha moto mvua.

Na mwisho wa pasi hiyo yuko mama yake. Pasi ikipata volti pungufu inapoa tu, mtu anaisugua muda mrefu zaidi, nguo inakauka. Mashine ya mama ina mota ndani. Mota haipoi. Ikikosa volti inasimama.

Simu ikaita. Benadetha. "Themanini na nne," alisema. "Mshale wa mtungi umeingia kwenye nyekundu. Vale, fanya kitu."

"Zima pasi, Hasani," alisema Valerian. "Usiniulize. Mama anakufa."

Hasani aliichomoa pasi pale pale, na waya wake ukaanguka chini.

Bibi Biasha alikuwa sebuleni, amezungukwa na rundo la kanzu ndogo ndogo za wajukuu. Akamwona Valerian mlangoni analowa, macho yakamcheka.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mume wangu. Leo ndiyo siku ya kuja kunichukua, na mie hata sijavaa?"

"Bibi, zima pasi."

"Nizime? Nina kanzu sita hapa, zote mbichi kama zimetoka mtoni. Unataka wajukuu zangu waende kuswali wanachuruzika?"

"Mama anakosa hewa, bibi. Mashine imezimika."

Uso wa bibi ulibadilika, lakini mkono haukuiacha pasi. "Mungu amponye Skolastika. Jana nimemletea uji, nimemwona anavyopata tabu. Ila pasi yangu ipo hapa, mume wangu, na mama yako yuko kule juu. Vinakutana wapi?"

Valerian angeweza kusema umeme umepungua kutoka mjini. Bibi angeamini, kila mtu angeamini, yeye mwenyewe aliamini nusu saa iliyopita. Lakini akisema hivyo bibi angesikitika, angemlaani mgawa umeme, na angeendelea kupiga pasi.

"Vinakutana kwenye waya wangu," alisema. "Nilikosea, bibi. Nilivuta waya mwembamba na njia ni ndefu. Na ile sheria ya taa tano niliwadanganya, nilikuwa najidanganya na mimi. Pasi yako moja ni zaidi ya taa kumi na sita. Mkipiga pasi huku chini, kwa mama volti hazifiki."

"Wewe? Umekosea?"

"Mimi."

Bibi akaushika waya wa pasi, akaung'oa ukutani kwa nguvu hata plagi ikamrukia mguuni, akatoka uani na kupaza sauti ambayo hakuna aliyejua kama mwili ule mdogo bado unayo. "Bonaventura wee! Abdala wee! Zimeni pasi! Zimeni, Skolastika anatutoka!"

Bonaventura lilikuwa jina la utani la mwanawe mkubwa, alilopewa na watani wake Wakristo wa misheni kwa kuwa alinenepa kama padri wa jina hilo, na mwenyewe akaitikia kutoka ng'ambo ya uzio: "Tumezima, mama!" Abdala naye akaitikia.

Dakika nne baadaye simu iliita. Benadetha alikuwa analia na kucheka. "Imewaka! Vale, imewaka, ya kijani!"

Alipanda kilima kwa kukimbia na kuteleza, akaingia, akapima: mia mbili kumi na saba. Mashine ilikuwa inanguruma kama paka aliyeshiba. Benadetha alikwisha kuurudisha mrija kwenye mashine na kuufunga mtungi. Kidoleni kwa mama paliandikwa themanini na saba, kisha themanini na tisa. Valerian akaketi sakafuni, akaegemeza kichwa ukutani, akafumba macho. Yamekwisha, alijiambia. Nimewaambia ukweli, wamenielewa, yamekwisha.

Dakika nane. Alizihesabu baadaye. Dakika nane, kisha mashine ikalia, taa nyekundu ikawaka, mngurumo ukakatika.

"Hapana!" alipiga kelele. "Hapana, hapana!" Benadetha alishaufungua tena mtungi. Mshale ulikuwa umelala kwenye nyekundu karibu kabisa na sifuri.

Akampigia Hasani. "Nani kawasha?"

"Ngoja niangalie." Sauti za watu zilisikika, kelele, mtu anamfokea mtu. Hasani akarudi. "Ni kwa Bonaventura. Mkewe alibakiwa na kola, anasema kola moja tu, dakika moja. Na kwa Abdala wamechomeka birika la chai. Wanasema wewe umekataza pasi, birika hukulitaja."

"Birika ni pasi mbili, Hasani! Birika ni pasi mbili!"

"Wamechomoa sasa. Lakini Injinia, nikuambie ukweli, kuna nyumba nne hapa, na ni Idd. Kuna friji, kuna blenda, kuna wageni wanakuja na simu zao. Mimi siwezi kusimama kwenye kila soketi."

Mashine iliwaka tena. Valerian akaisikiliza inavyonguruma, na safari hii hakuifurahia. Alijua Hasani amesema kweli. Kila mmoja kule chini alikuwa anampenda mama yake, na kila mmoja angewasha dakika moja. Dakika moja ya nyumba nne. Akawaza kupanda kwenye miti na kukata waya wa kila nyumba kwa plaizi, ubaki wa mama peke yake. Miti minne, mvua, waya wenye umeme. Robo saa kwa kila mti akiwa na bahati. Hiyo ni saa nzima, na mtungi ulibakiwa na dakika kumi, pengine saba. Mashine ikizimika mara moja tu yeye akiwa juu ya mti wa pili, ndiyo basi.

Aligawa, akazidisha, akarudia. Kila alivyozungusha, upande mmoja palibaki volti mia mbili ishirini na nane, upande wa pili palibaki mama, na katikati ule waya. Volti hazikuweza kupanda kilima. Akayasimamisha macho kwa mama yake.

"Tunakushusha kwa Mudathiri," alisema. "Kwenye mita yenyewe."

Mama Skolastika akatikisa kichwa. Akavuta hewa, akaikusanya, akaitumia: "Nitafia njiani."

"Ukibaki utafia hapa."

"Valerian!" Benadetha alimkemea.

Lakini mama aliinua mkono kumnyamazisha binti yake. Akaikusanya tena hewa. "Nivisheni. Siendi kwa watu na gauni la kulalia. Sikukuu."

Benadetha alimfunga kanga mbili mpya. Valerian alimpigia Mudathiri, kisha Hasani, na kabla fundo la pili halijakaza walikuwa wamefika: Hasani, Bonaventura na Abdala, kanzu zao zimekauka upande mmoja na upande wa pili zimewaganda mwilini. Nyuma yao alipanda Bibi Biasha, amejifunga kibwebwe.

"Mashine anabeba nani?" aliuliza bibi.

"Nzito hiyo, mama, ngoja tutarudi," alisema Abdala.

"Nzito kuliko ndoo? Nimebeba ndoo kilima hiki kabla baba yako hajanioa." Akakunja kata ya kanga, akainama. Wakaichomoa mashine, wakaifunika nailoni, wakamtwika.

Wanaume wanne wakashika miguu ya kitanda cha kamba, Valerian kona ya mbele. Mama aliketi katikati, Benadetha anatembea ubavuni ameukumbatia mtungi, mrija umenyooka kati yao. Walitoka. Mvua ilikuwa imepungua, na kutoka msikitini chini kipaza sauti kilikuwa kinaleta takbira, sauti za wazee na za watoto zimechanganyika.

Mita mia moja za kwanza walikwenda vizuri. Kwenye kona ya kwa Abdala njia ilikuwa imegeuka utelezi mtupu, na Bonaventura akaenda chini, goti moja, kitanda kikainama, mama akashika kamba kwa vidole vyote. "Inua! Inua upande wako!" "Nimeinua!" "Usivute, wee, utamwangusha!" Wakasimama wima tena. Kanzu ya Bonaventura ilikuwa nyekundu kwa udongo hadi kifuani.

"Vale," alisema Benadetha. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Mtungi umenyamaza."

Valerian hakugeuka. Alikuwa amezisoma nambari maisha yake yote ya ufundi na sasa aliiogopa nambari moja. "Kidole kinasema ngapi?"

"Sabini na nane. Sabini na sita."

"Tembeeni," alisema. Kisha akapayuka kwa sauti iliyompasuka: "Tembeeni jamani, tembeeni, mama yangu!"

Walikimbia. Watu wanne wenye kitanda hawakimbii kwenye mteremko wa matope, lakini walikimbia. Mbele yao Bibi Biasha alikwenda na mashine kichwani, shingo imenyooka, hajaishika hata kwa mkono mmoja, na aliwasemesha bila kugeuka: "Mguu wa kulia, kuna jiwe. Kushoto sasa. Kuna shimo. Haya, haya, Skolastika, usinilalie, tunaenda kula pilau." Kichwa cha mama kilikuwa kimeanza kuinama.

Mudathiri alikuwa ameshaung'oa mlango na kuitoa meza nje. Waliingiza kitanda sebuleni, kwenye zulia, na matope yao yote. Valerian alimtua bibi mashine, akachomeka plagi kwenye soketi iliyokaa chini ya mita yenyewe. Ikalia mlio mmoja mrefu. Ikanguruma. Taa ikawaka, si nyekundu wala si ya kijani, ya manjano.

"Mbona ya manjano?" aliuliza Hasani.

"Inajikusanya. Haitoi hewa kamili mpaka dakika tatu."

"Tatu?"

Benadetha alikishika kichwa cha mama mikononi, na midomo ya mama ilikuwa ile rangi ya zambarau. Sabini na mbili. Sabini. Mudathiri alizima televisheni. Sitini na nane. Valerian alipiga magoti, akauchukua mkono wa mama wenye kadude, akaupeleka karibu na uso wake kana kwamba angeweza kuzisukuma zile nambari kwa macho. Sitini na saba. Aliyoyasema wakati ule hakuyakumbuka baadaye. Hasani alimwambia kwamba alikuwa anazidisha. Volti mara ampea, volti mara ampea, kama mtu anayesali rozari.

Taa ikabadilika kuwa ya kijani.

Sitini na saba. Sitini na saba. Sabini. Kifua cha mama kikapanda, kikakaa, kikashuka, kikapanda tena kwa nguvu zaidi. Sabini na nne. Bibi Biasha akakaa sakafuni kwa kishindo, miguu mbele, akaanza kulia bila sauti. Sabini na tisa. Mama Skolastika alifumbua macho, akatazama dari ya Mudathiri, akatazama watu wote wale na kanzu zao, na vidole vyake vikaubonyeza kidogo sana mkono wa mwanawe.

"Nendeni," alisema Mudathiri taratibu. "Mtakosa swala."

"Na hali hii?" Bonaventura alijitazama.

"Mungu kakuona ulivyochafuka. Nenda."

Wakatoka mmoja mmoja. Bibi Biasha alikataa kuondoka. Mudathiri alibaki mlangoni, kofia mkononi, kama mtu mwenye neno asilojua aliseme vipi.

"Atakaa hapa mpaka mto ushuke," alisema. "Na zaidi, akitaka. Mke wangu akirudi kutoka jikoni atatandika vizuri."

"Asante, mzee."

"Ila Injinia... hili friji. Lina juisi ya sikukuu, na nyama. Limewaka tangu mwanzo. Nilizime?"

Valerian alilitazama friji, lililosimama hatua nne tu kutoka kwenye mashine. Jibu lilikuwa tayari mdomoni, kama zamani: wati mia moja na hamsini, gawanya, si hata ampea moja, hakuna neno. Alilifunga mdomoni. Alitoa mita, ncha zake zikiwa bado na matope, akazifuta, akazichomeka kwenye soketi ya pili kando ya mashine.

"Subiri nipime," alisema. "Lizime kwanza, hesabu kumi, uliwashe."

Mudathiri akafanya hivyo. Mia mbili ishirini na nane. Friji liliposhtuka na kuanza kunguruma, nambari ikaanguka hadi mia mbili ishirini na moja, ikayumba, ikarudi ishirini na saba, ikatulia. Taa ya mashine haikupepesa. Kidoleni kwa mama, themanini na nne.

"Liache," alisema Valerian. "Birika hapana. Birika waambie nitalipima baadaye."

Hakuziondoa zile ncha ukutani. Alikaa pale sakafuni, mgongo kwenye mguu wa kitanda, jicho moja kwenye mita na jingine kwenye kidole cha mama yake, na huko nje swala ilipoisha na watu wakaanza kupeana mikono ya Idd, alikuwa bado amekaa.